Mdomo Unaofunguka Wenyewe

Mwaka 1966 polio iliingia Gombe. Kutoka kwetu Fizi, mashariki mwa Kongo, si mbali: ukiondoka Baraka kwa mtumbwi wa mota, ukaizunguka rasi ya Ubwari, ukavuka ziwa kuelekea kusini-mashariki, unafika kwenye vilima vya Kigoma ambako Jane Goodall alikuwa akiwafuatilia sokwe tangu 1960. Sokwe wale wakaanza kuburuta miguu. Dume mmoja mzee, ambaye watafiti walimwita McGregor, alipooza miguu yote miwili akawa anajivuta chini kwa mikono, hadi wakaamua kumpiga risasi asiendelee kuteseka. Mwingine, Faben, alinusurika, lakini mkono wake mmoja haukufanya kazi tena. Chanjo ilikuwepo, ile ya matone ya mdomoni, ikaletwa kutoka Nairobi. Swali likawa: nani atamkamata sokwe wa porini, mwenye nguvu za kumwangusha mwanamume yeyote unayemjua, ampanue taya na kumdondoshea?

Hakuna aliyemkamata. Matone yalitiwa ndani ya ndizi.

Usiipite haraka ndizi hiyo. Nyuma yake kulikuwa na miaka ya watu kukaa kimya msituni, ya kumjua kila sokwe kwa sura na kwa tabia, ya kuwazoesha kuja kambini kula bila hofu. Siku ugonjwa ulipobisha hodi, uaminifu ulikuwa umeshajengwa. Kilichobaki kilikuwa kuutumia. Bila miaka ile, chanjo ingekaa kwenye barafu huku wagonjwa wakifia vichakani.

Ndugu yangu kijana wa Lubondja, hapa hapa Fizi, wewe unayesoma ITAV, shule ya kilimo na mifugo, na wewe uliyeacha shule ukabaki na mbuzi wa mjomba, nataka uitamani kazi hii: kazi ya kumpa mnyama dawa akaimeza kwa hiari yake. Ni taaluma kamili. Watu wanaifanya kila siku katika maabara za utafiti, katika vituo vya sokwe yatima, katika bustani za wanyama, na wanalipwa. Mtaji wake mkubwa ni subira na jicho la kumsoma mnyama, na vyote viwili unavyo. Umekua ukijua mbuzi yupi ataruka kabla hajaruka. Umemwona mbwa akikunja mkia kabla hujainua fimbo. Ila hakuna aliyekaa nawe akakuambia kwamba hiyo ni elimu.

Nchi yetu imo ndani ya habari hii tangu zamani, lakini upande usioshika kalamu. Mwaka 1956, karibu na Stanleyville, Kisangani ya leo, utawala wa Kibelgiji ulifungua kambi ya Lindi. Mamia ya sokwe, pamoja na jamaa zao bonobo, walikamatwa katika misitu ya Kongo wakafungiwa humo kwa ajili ya majaribio ya chanjo ya polio ya Hilary Koprowski, wa Taasisi ya Wistar kule Philadelphia. Wengi hawakutoka hai. Mwanzoni mwa 1958 chanjo ya Koprowski ikafika bonde la Ruzizi, hapo juu ya Uvira tu: watu zaidi ya 215,000 walipangwa mistari, wakafungua midomo, wakapuliziwa. Ule uvumi kwamba ukimwi ulitokana na chanjo hiyo umeshakanushwa. Utafiti wa 2004 juu ya sokwe wa eneo la Kisangani ulionyesha kwamba kirusi chao ni cha ukoo tofauti na kile kilichozaa ukimwi wa binadamu. Kwa hiyo sichochei woga. Nasema tu kwamba misitu yetu ilitoa wanyama, bonde letu likatoa midomo, na majina kwenye ripoti yakatoka kwingine.

Sasa sikia habari ya jina jingine.

Novemba 1987, kwenye milima ya Mahale, bado kandokando ya Tanganyika yetu hii hii, sokwe jike aitwaye Chausiku aliugua. Alikuwa mnyonge, hali vizuri, analala mchana wakati wenzake wanatafuta chakula. Waliokuwa wakimfuatilia ni wawili: Michael Huffman, Mmarekani aliyefanya utafiti kupitia Chuo Kikuu cha Kyoto, na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyeujua msitu ule na dawa zake. Chausiku akaenda kwenye mti mmoja, akavunja tawi changa, akamenya maganda, akatafuna kiini, akafyonza maji yake na kutema makapi. Huffman hakujua anachokiona. Kalunde alijua mara moja: ule ni mjonso, watu wake huutumia kutibu tumbo na minyoo. Sisi wa Kivu wengi tunauita mubirizi, na aliyewahi kunyweshwa maji yake utotoni hahitaji kukumbushwa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu, anatembea na kula. Mwaka 1989 makala ya kisayansi juu ya tukio hilo ilichapishwa kwa majina mawili, Huffman na Seifu. Mzee wa kijijini, mwandishi mwenza wa makala inayosomwa hadi leo popote wanapochunguza jinsi wanyama wanavyojitibu.

Mubirizi ni mchungu kupita kiasi. Hakuna aliyeuchanganya na asali, hakuna aliyemshika Chausiku kichwa. Aliuchagua mwenyewe. Wakati huohuo, sokwe huyo huyo ukimpa ndizi tamu yenye kidonge ndani, akiwa hakuamini, ataichambua kwa midomo, atakitema kidonge pembeni, na kesho hataigusa ndizi yako. Basi uchungu wa dawa ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni mnyama kuhisi kwamba amenyang'anywa uamuzi. Ukilishika hilo, mengine yote nitakayokueleza ni ufundi wa mkono.

Kwa miaka mingi maabara zilifuata njia ya mabavu. Nyani anabanwa kwenye ukuta wa kizimba unaosukumwa, anashikwa na watu wawili waliovaa glavu za ngozi, au anafungwa kwenye kiti maalumu. Kisha mpira mwembamba unapitishwa puani au mdomoni hadi tumboni na dawa inasukumwa. Inaonekana ni njia ya uhakika, maana kipimo chote kinaingia. Lakini mpira ukikosea njia ukaingia kwenye koo la hewa, dawa inakwenda mapafuni. Koo la chakula linaweza kuchubuka. Mshikaji anaweza kung'atwa. Na hata siku ambayo hakuna kilichoharibika, kuna kitu kimeharibika: matokeo. Mnyama mwenye hofu hujaa homoni ya kortisoli, moyo unakwenda mbio, sukari ya damu inapanda, hesabu ya chembe nyeupe inabadilika. Mtafiti anadhani anapima dawa ya kisukari kumbe anapima woga. Fedha nyingi, wanyama wengi, na jibu lisiloaminika.

Viktor Reinhardt, daktari wa mifugo aliyefanya kazi kwenye kituo cha nyani cha Wisconsin, Marekani, aliithibitisha hoja hii kwa njia rahisi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walilinganisha makaki wa kike, aina ya nyani wa maabara, waliotolewa damu wakiwa wamebanwa kwenye chombo cha kuwazuia, na wale waliofundishwa kutoa mguu wenyewe wakiwa ndani ya kizimba chao. Waliobanwa kortisoli ilipanda. Waliofundishwa haikupanda hivyo. Sindano ni ileile, damu ni ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua. Watu wa maabara walikuwa wameshaambiwa tangu 1959, pale Waingereza Russell na Burch walipoandika kwamba mtafiti anapaswa kutafuta mbadala wa mnyama, akikosa apunguze idadi, na wale atakaowatumia apunguze mateso yao. Mimi natamani sana hilo la kwanza, lile la kutowatumia kabisa. Lakini leo, asubuhi hii, wapo nyani kwenye vizimba wanaosubiri dawa, na anayewapelekea ni mtu mwenye mikono miwili kama yako.

Mikono hiyo ifanye nini? Hapa nataka tukae kidogo.

Anza bila dawa. Kosa la wageni wengi katika kazi hii ni kuingia na dawa siku ya kwanza. Siku za mwanzo unaingia na kitu kizuri tu: kipande cha ndizi iliyoiva, karanga zilizosagwa, asali kidogo kwenye ncha ya kijiko. Unakaa kwa upande bila kumkodolea macho, maana kwa nyani wengi kukodoa macho ni ugomvi. Unampa, anachukua, unaondoka. Dakika chache zinatosha. Unarudi wakati uleule kesho. Lengo ni kwamba sauti ya hatua zako imfurahishe.

Kisha unaleta seringi, ile ya plastiki, bila sindano. Mwache aione. Pakaa asali kwenye ncha aje ailambe. Akiilamba, toa mlio mmoja mfupi ambao hautabadilika, filimbi ndogo au kubofya ulimi, kisha mpe zawadi. Mlio ule unamwambia: hicho ulichofanya sekunde hii ndicho nilichokitaka. Baada ya hapo unangoja afunge midomo kwenye ncha ndipo umpe mlio. Halafu unasukuma tone moja la maji ya matunda. Halafu matone matatu. Halafu seringi nzima. Kila hatua ni ndogo kiasi kwamba mnyama haoni ngazi, anaona uwanja tambarare. Dawa yenyewe inaingia mwishoni, kidogo, ndani ya ladha ambayo ameshaizoea. Na hata baada ya kuingia, siku nyingi seringi iendelee kuleta maji ya matunda matupu. Nyani akijifunza kwamba seringi mara nyingi ni tamu na mara chache ni chungu, ataendelea kuja. Ukiileta siku za ugonjwa tu, umeshampoteza.

Akikataa? Ondoka. Usimfokee, usimlazimishe, usimnyime chakula chake cha siku ili njaa imlainishe. Jua tu kwamba ulikwenda haraka, rudi hatua moja nyuma. Kijana mwenye hasira hii kazi itamshinda wiki ya kwanza, nakuambia mapema. Lakini sijawahi kumwona mchungaji mzuri wa Fizi mwenye hasira ya haraka. Mbuzi wenyewe humfundisha.

Kuna wakati kidonge lazima kifichwe, kwa sababu mnyama ni mgeni au ni mgonjwa na hakuna muda wa mafunzo. Hapo akili inahitajika kuliko asali. Usifiche dawa kwenye chakula chake cha kila siku. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake, kule Marekani, walionyesha kwamba panya akionja kitu kitamu kisha akaugua kichefuchefu, ladha ile ataichukia kwa muda mrefu hata kama haikuwa na kosa. Nyani ni hivyo hivyo. Ukimtilia dawa ya kutapisha kwenye ndizi, umemwondolea ndizi. Chagua kitu cha pembeni, kitamu, asichokula kila siku, na ukiweke kwa kiasi kidogo amalize chote kwa mkupuo. Dawa iliyomwagwa kwenye bakuli kubwa la uji huwezi kujua imeliwa kiasi gani. Mpe tonge la kwanza safi, la pili safi, la tatu lenye dawa, la nne safi kabla hajamaliza kutafuna la tatu. Mdomo ulio na haraka ya tonge linalofuata haukagui.

Mjue pia uliye naye. Nyani wa kawaida, tumbili na makaki wana mifuko mashavuni. Anaweza kukubali tonge lako kwa adabu zote, akalihifadhi shavuni, akalitema ukiwa umeshaandika kwenye daftari kwamba amemeza. Kaa umwangalie mpaka shavu lishuke. Sokwe hana mifuko hiyo, lakini midomo yake ni vidole. Mbega naye ana tumbo linalochachusha majani, kwa hiyo ukimjaza ndizi na asali ili ameze kidonge unaweza kumletea ugonjwa mbaya kuliko ule unaoutibu; mfungie dawa kwenye majani anayoyapenda. Katika kundi, mkubwa atanyang'anya. Mfanye mkubwa awe na shughuli upande wa pili, mwenzako akimpa vipande vya matunda kimoja kimoja, huku wewe ukimhudumia mdogo kwa utulivu. Watu wawili wanaoelewana wanafanya kazi ambayo wavu na fimbo haviwezi.

Na uisome dawa yenyewe. Kidonge kilichotengenezwa kiyeyuke polepole hakipondwi, maana ukikiponda dozi ya siku nzima inaingia mara moja. Tetrasaiklini haichanganywi na maziwa, kalisi ya maziwa huishika isifanye kazi. Metronidazoli na praziquantel ni chungu sana zikivunjwa, kwa hiyo ni bora kuzifunika nzima ndani ya kitu kinachonata kuliko kuzisaga. Pima uzito wa mnyama. Usikisie. Hapa ndipo hesabu ya darasani, ile uliyodhani haina faida, inapogeuka kuwa uhai.

Najua atasimama mtu katikati ya Lubondja aniulize: mwalimu, watoto wetu wanakosa dawa, wewe unatuambia habari za kumbembeleza nyani? Swali hili ni la haki na silikwepi. Nitamjibu kwa kumwuliza anavyompa mtoto wake dawa. Nyumba ngapi tunamlaza chali, mmoja anashika miguu, mwingine anamziba pua ili afungue mdomo? Mtoto aliyezibwa pua akinyweshwa huku analia anaweza kuvuta dawa ikaingia mapafuni, sawasawa na nyani aliyekosewa mpira. Mkalishe wima, weka ncha ya seringi ndani ya shavu, sukuma kidogo kidogo, umwache ameze kati ya tone na tone. Ni mkono uleule. Hata viwanda vya dawa vimelazimika kujifunza. Praziquantel ya kichocho, ugonjwa unaotusumbua sisi tunaoishi na maji haya, ilikuwa kubwa na chungu kwa watoto wadogo, ndipo ikatengenezwa arpraziquantel, kidonge kidogo kinachoyeyuka majini, chenye uchungu uliopunguzwa, kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka saba. Majaribio yake ya mwisho yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikaipa maoni mazuri. Na huko Nairobi, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, nyani wamekuwa wakitumika kwa miaka mingi kuuchunguza ugonjwa huohuo wa kichocho. Anayemhudumia nyani yule vizuri anamhudumia pia mtoto wa Baraka atakayekuja kunywa dawa iliyotokana na jibu sahihi.

Kwa hiyo usione haya. Sema wazi: nataka kuwa mtu ambaye mnyama humfungulia mdomo.

Mahali pa kuifanyia kazi hiyo pako ndani ya mkoa wetu. Lwiro, kilomita kama 45 kaskazini ya Bukavu, kwenye majengo ya kituo cha utafiti kilichojengwa na Wabelgiji, kuna kituo cha kuwatunza sokwe na kima walionyang'anywa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara. Kilianzishwa 2002 na ICCN, taasisi ya serikali ya uhifadhi, pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, na sokwe wake sasa wamepita 100. Karibu kila mmoja aliingia pale kwa sababu mama yake aliuawa. Wengine hufika na alama za kamba kiunoni. Fikiri kumpa dawa ya minyoo mtoto wa aina hiyo: mkono wa binadamu kwake ni ule uliomfunga. Hapo mabavu ni kumrudisha siku ile. Anayefaa pale ni mtu wa kukaa naye, kumpa chupa ya maziwa, kungoja. Na walezi wa pale ni Wakongo, watu wa vijiji vya jirani. Hawakuzaliwa na vyeti vya chuo mikononi, walifundishwa.

Na wewe una sababu nyingine, iliyo karibu zaidi na nyumbani. Misitu ya teritware yetu, kuanzia Itombwe hadi Ngandja, bado ina sokwe, wale tunaowaita sokomutu. Itombwe imekuwa hifadhi tangu 2006, Ngandja tangu 2016. Kadiri watu na sokwe wanavyosogeleana, ndivyo magonjwa yanavyovuka, kutoka kwao kuja kwetu na kutoka kwetu kwenda kwao. Kikohozi chako kidogo kinaweza kuua kundi zima. Siku itafika ambapo mtu atahitajika hapa hapa Fizi anayejua kumsogelea sokwe mgonjwa, kuvaa barakoa, kuketi mbali inavyopasa, kuandika alichokiona. Atatoka wapi mtu huyo? Asipotoka kwetu ataletwa kwa ndege, na tutarudi kwenye ile foleni ya kufungua midomo na kungoja.

Kabla hata ya kusoma lolote, kuna jambo moja unaloweza kulifanya leo: ukiona mtoto wa sokwe amefungwa kwa kamba anauzwa, usimnunue, hata kwa huruma, maana fedha yako ndiyo inayomrudisha mwindaji msituni. Sokwe analindwa na sheria ya 2014 ya uhifadhi wa asili. Watafute watu wa ICCN. Na kama atalala kwako usiku mmoja akiwasubiri, usimkabe kumnywesha maziwa. Weka kikombe karibu, kaa chini, geuza uso.

Njia ya masomo ipo. Ukimaliza ITAV, kuna vitivo vya udaktari wa mifugo Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, na Lubumbashi. Ng'ambo ya ziwa kuna Sokoine kule Morogoro, na ukienda kaskazini zaidi kuna Makerere na Nairobi. Najua karo. Najua barabara ya kutoka huku hadi Uvira wakati wa mvua, na najua bunduki zilivyofunga njia na shule mara ngapi. Sitakudanganya kwamba moyo mkuu unalipa karo. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haisubiri diploma, na atakayefika mlango wa kituo chochote akiwa na daftari lililojaa mambo aliyoyaona kwa macho yake atasikilizwa tofauti na yule aliyefika na barua ya kujuana.

Daftari hilo lianze kesho asubuhi. Chukua mbuzi mmoja, yule mwoga, anayekimbia ukimkaribia. Usimpe dawa yoyote. Nunua seringi kubwa ya plastiki kwenye duka la dawa, isiyo na sindano, isafishe, tia maji yenye chumvi kidogo. Kaa karibu na anapofungwa, kimya, kabla wenzako hawajaanza kelele za kwenda malishoni. Akisogea, mwache anuse. Akilamba, bofya ulimi na mpe ganda la ndizi. Usimshike pembe. Akiondoka, mwache aende, nawe uende shambani. Andika tarehe, andika alisogea umbali gani, andika ni kitu gani kilimtisha. Keshokutwa rudi saa ileile. Atakapokuja mwenyewe akameza seringi nzima ya maji bila mtu kumgusa, mwite mdogo wako, mkabidhi seringi, wewe ukae pembeni uone kama mbuzi atamfungulia na yeye. Asipomfungulia, andika hilo pia, kisha mfundishe mdogo wako.